Kutoga gegedu la sikio: shajara ya kidonda cha miezi mingi

Kabla ya sindano

Naanza kuandika kabla sijatogwa, kwa sababu mambo mengi ya mradi huu yanaamuliwa hapa. Nataka tundu moja kwenye ukingo wa juu wa sikio la kushoto, pale unapoanza kupinda kuelekea nyuma. Matundu ya ndewe ninayo tangu utotoni na wala sikumbuki yalivyopona. Huku juu ni habari nyingine. Ndewe ni nyama na mafuta, damu inapita tele, na kidonda chake kwa kawaida hufunga ndani ya wiki sita hadi nane. Ukingo wa juu ni gegedu, na gegedu halina mishipa yake lenyewe ya damu. Hulishwa na utando mwembamba unaolifunika huku na huku, na kila kinacholifikia hupenya kidogo kidogo kutoka kwenye utando huo. Ndiyo sababu kupona kwake huhesabiwa kwa miezi: sita hadi kumi na miwili, na wengine hupitiliza mwaka.

Nina hofu moja, na naiweka mbele. Dada yangu mkubwa ana keloidi, kovu gumu linaloendelea kuota kupita mipaka ya kidonda, nyuma ya ndewe. Keloidi hutembea katika familia, hutokea zaidi kwa sisi wenye ngozi nyeusi, na sikio ni mojawapo ya sehemu inazozipenda. Kwa hiyo nilianzia kwa daktari wa ngozi. Aliyakagua makovu yangu yote, la upasuaji wa tumboni na matundu ya ndewe, akasema yamelala vizuri na hiyo ni dalili njema, ila hawezi kuniahidi kitu. Akaniambia nikiona kovu linatambaa nje ya mipaka ya kidonda nirudi mapema, maana keloidi changa huchomwa sindano za steroidi ndani yake na mara nyingi hunywea, wakati iliyokomaa ikikatwa tu bila tiba nyingine hupenda kurudi, pengine kubwa kuliko mwanzo. Nilitoka pale nikiwa nimeshaamua: nitatoga, lakini nitalilinda sikio hili kwa kila ninachoweza.

Kuhusu bastola ya kutogea, sitaki kabisa kwenye gegedu. Bastola haikati. Inasukuma kipini butu kwa nguvu ya springi, na gegedu likisukumwa hivyo linaweza kupasuka au utando wake ukabanduka. Tena bastola nyingi zina mwili wa plastiki usiostahimili mashine ya mvuke, ile ya nyuzi 121 na zaidi chini ya shinikizo, ambayo ndiyo inayoua vijidudu vyote. Na vipini vyake ni vifupi, na kizibo cha nyuma kinalibana sikio wakati ambapo lazima livimbe. Sindano yenye uwazi katikati, kali, inayotumika mara moja na kutupwa, hukata njia safi.

Lakini sindano pekee haitoshi. Mwaka 2000 katika jimbo la Oregon, Marekani, watu kadhaa waliotogwa gegedu kwenye kibanda kimoja walipata maambukizi ya bakteria aitwaye Pseudomonas aeruginosa. Baadhi walilazwa hospitali, na wengine masikio yao yalibaki yameharibika umbo. Wachunguzi walikuta bakteria huyo kwenye chupa ya dawa ya kupuliza, dawa ileile iliyokuwapo ili kuua vijidudu. Tangu nisome habari hiyo nauliza juu ya kila kitu kitakachogusa sikio langu: kalamu ya kuweka alama, pamba, chupa, meza. Fundi niliyemchagua alijibu yote bila kununa. Ningeona dalili ya kukereka, ningeaga.

Kipini nimechagua cha titaniamu ya kiwango cha ASTM F136, ambayo pia hutumika kwa vipandikizi vya upasuaji. Vipini vingi vinavyouzwa kwa jina la chuma cha pua cha hospitali vina nikeli ndani yake, na nikeli ndiyo inayowasha watu wengi. Nyuma kina kisahani bapa, na kichwa chake huchomekwa ndani ya shina, ili pasiwe na mikato ya skrubu ya kukwaruza tundu kila kinapopita.

Siku ya sindano

Fundi alinawa, akavaa glavu, akachana pakiti mbele ya macho yangu na kunionyesha alama iliyobadilika rangi kwa joto la mashine. Aliweka nukta kwa kalamu, akanisimamisha mbele ya kioo, akaangalia kwa pembeni, kisha akaifuta na kuiweka chini kidogo. Alieleza kwamba pale kwanza mkunjo wa ukingo ungekilaza kipini upande mmoja. Nilifurahi kuona anachukua muda wake kwenye nukta, kwa sababu tundu lililokaa kombo husumbua mpaka mwisho.

“Vuta pumzi, dada. Haya, itoe taratibu.”

Sindano ilipita wakati pumzi inatoka. Maumivu yalikuwa makali na mafupi. Kilichonishtua ni sauti: mlio mdogo wa kukwaruzika, kwa karibu sana, kwa kuwa ni sikio lenyewe linalochomwa na hakuna pengine pa kuusikia. Baada ya hapo ukaja moto, si mchomo tena, moto unaotanda mpaka shingoni. Kipini kiliingia kikifuata mkia wa sindano. Unene wake ni milimita 1.2 na urefu wa shina milimita 8. Kinaonekana kirefu kupita kiasi, kimechomoza, na ndivyo kinavyopaswa kuwa, kwa sababu uvimbe unahitaji nafasi.

Maagizo yalikuwa mafupi. Maji ya chumvi asubuhi na jioni. Usikizungushe. Usikilalie. Rudi nikubadilishie kifupi uvimbe ukishuka.

Wiki ya kwanza

Sikio limevimba na linadunda, hasa usiku. Kila maelezo niliyosoma yanasema “angalia wekundu”, na kwenye ngozi yangu wekundu hauonekani hivyo. Ngozi ya pale imekuwa nyeusi zaidi, ina rangi ya zambarau kwa mbali, na inang'aa kwa kutanuka. Kwa hiyo naiachia rangi nafasi ndogo, nategemea mkono. Naweka mgongo wa vidole safi kwenye sikio la kushoto, kisha la kulia, nalinganisha joto. Siku za mwanzo tofauti ilikuwa wazi. Kila siku inapungua kidogo, na huo ndio mwelekeo ninaoutaka. Nawashauri wenye ngozi kama yangu: joto, uvimbe na maumivu yanayozidi ndivyo vipimo vyenu. Rangi itawachelewesha.

Usafi wenyewe ni mwepesi kuliko nilivyodhani. Natumia maji ya chumvi ya kusafishia vidonda, yaliyotakaswa na kufungwa kwenye kopo la kupuliza, asilimia 0.9 ya chumvi na maji, basi. Napulizia mbele na nyuma, nasubiri magaga yalainike, napangusa kwa shashi kile kilichokubali kutoka chenyewe, halafu nakausha kwa feni ya nywele iliyowekwa kwenye hewa baridi. Taulo siligusishi pale, kwa kuwa nyuzi zake hunasa na unyevu wake hukaribisha vijidudu. Nimeshauriwa sana nichanganye chumvi ya jikoni na maji ya moto. Shida ni kipimo. Mkono wa mtu huzidisha, na chumvi ikizidi hukausha ngozi mpya na kuichubua. Spiriti na haidrojeni peroksidi nimeziacha kabatini. Huua vijidudu, na pia huua chembe hai changa zinazojaribu kuziba kidonda. Marhamu nzito nayo huziba hewa na kukusanya uchafu.

Kuna majimaji meupe ya kuelekea manjano yanayotoka na kukauka kwenye shina. Hayo ni ya kawaida, mwili unasafisha nyumba. Usaha ni mzito, una rangi ya kijani au manjano iliyokolea, mara nyingine unanuka, na huja pamoja na maumivu. Sijauona.

Kulala ndiyo kazi kubwa. Mimi ni mtu wa ubavu wa kushoto toka zamani. Nimenunua mto wa safari, ule wa kuvaa shingoni, nauweka kitandani na sikio linakaa kwenye uwazi wa katikati. Mto huo mmoja umenisaidia kuliko kila kitu kingine nilichonunua.

Wiki ya tatu

Mwasho umeanza. Napulizia maji ya chumvi, naondoka mbele ya kioo.

Naorodhesha vitu vinavyogusa sikio kwa siku moja na nastaajabu: nywele, kitambaa cha kichwa, mkanda wa barakoa, simu, vipokea sauti, ukosi wa nguo ya kuvulia kichwani, miguu ya miwani, mikono ya watoto. Kila kimoja kikipita kinasukuma kipini kwa kiasi kidogo sana, na kila msukumo unachana kilichokuwa kimeanza kuungana ndani. Simu nimeihamishia sikio la kulia. Kitambaa cha kichwa nafunga cha hariri, chepesi, na nakilegeza upande huo. Msusi nimemwomba aanzie upande wa kulia, na akifika kushoto asivute nywele za karibu na sikio wala asipulize mafuta ya kung'arisha kuelekea huko. Alinielewa haraka, alisema wateja wake wengi hulalamika masikio bila kujua ni mafuta ya nywele yanayotiririka.

Kukizungusha kipini “kisigande” ni ushauri wa zamani ambao bado unatolewa kwa nia njema. Hakigandi. Ukikizungusha unakivuta kigaga kikavu ndani ya tundu bichi, kinapita kikichana.

Kuelekea mwezi wa pili: kinundu

Nitaandika kwa urefu hapa, maana ndipo usingizi uliponipotea.

Nyuma ya sikio, ubavuni mwa tundu, kimeota kinundu. Ukubwa wake ni kama punje ya mtama, laini, chenye unyevu, na ukikigusa kwa bahati mbaya kinatoa damu kidogo. Nilikitazama kwenye vioo viwili, nikahisi mikono inapoa. Nilifikiria neno moja tu, keloidi.

Nilimpigia dada kwa picha.

“Sogeza taa, mdogo wangu. Geuka. Hebu nione tena.” Akanyamaza kidogo. “Langu halikuanza hivi. Tundu lilikuwa limepona zamani, nimeshasahau kama lilikuwa kidonda. Ndipo pakaanza kuwasha na kuwa pagumu kama kifundo cha kamba, likaota kuelekea pale ambapo sindano haikufika kabisa. Na halikutoa maji hata siku moja.”

Maneno yake yalinisaidia kuliko picha zote nilizokuwa nimezitazama usiku ule. Nayaweka hapa kwa mpangilio wangu. Kinundu cha mchubuko hutokea mapema, wiki au miezi michache baada ya kutoga. Hukaa mdomoni mwa tundu, huwa laini au chenye majimaji, na hupanda na kushuka kulingana na jinsi kidonda kinavyosumbuliwa. Kovu lililofura huwa gumu zaidi lakini hubaki ndani ya mipaka ya kidonda, na kwa muda mara nyingi hunywea. Keloidi kwa kawaida huchelewa, huwa ngumu au kama mpira, huvuka mipaka ya kidonda, na haishuki yenyewe hata kidonda kikiachwa kwa amani. Mtu wa familia yenye keloidi asijiamulie kwa picha. Aende aonwe.

Nilienda kuonwa na wote wawili. Daktari alisema ni nyama ya kidonda iliyozidi kuota kwa kusumbuliwa. Fundi aliangalia kipini kwa ubavu, akaniuliza ninaona nini, na nikaona: uvimbe umeshashuka lakini shina bado ni la milimita 8. Kisahani cha nyuma kimebaki na mchezo, na uzito wa kichwa unakilaza kipini kuelekea chini. Kinundu kimeota upande uleule unaoegemewa. Alikitoa, akaweka cha milimita 6 kilichotoka kwenye mashine ya mvuke, na kikakaa sawa na ngozi bila kubana.

Katika siku hizo kila mtu alikuwa na dawa. Dawa ya meno, unga wa aspirini uliokandwa na maji, mafuta ya mti wa chai bila kuchanganywa, kitunguu saumu, ndimu. Nawashukuru wote kwa upendo wao, na sikupaka hata moja. Vitu hivyo huunguza ngozi. Kinundu kikikauka kwa kuunguzwa huonekana kama kimepona, na kwa kuwa kinachokisumbua bado kipo, kinarudi na sasa kuna kidonda kingine juu yake. Kinundu cha mchubuko kina chanzo, na chanzo kikitolewa mwili unamaliza wenyewe. Chanzo huwa shina refu, kulalia, pembe mbaya ya tundu, nikeli, au mikono isiyotulia.

Wiki moja baada ya shina fupi, kinundu kiliacha kutoa maji. Kikasinyaa, kikawa kama kipele kikavu. Sijawahi kukipenda kitu kinachopungua namna hii.

Mwezi wa tatu

Kinundu hakipo. Pamebaki doa jeusi kidogo.

Juzi mkanda wa begi ulinasa kipini ukakivuta. Jioni sikio lilikuwa na joto na linauma. Niliweka maji ya chumvi, nikalala ubavu wa kulia, na kabla ya kulala nikaandika kwenye karatasi dalili zitakazonifanya niende hospitali bila kusubiri. Naziandika na hapa kwa sababu gegedu likishambuliwa saa zina thamani.

Maambukizi ya utando wa gegedu hulivimbisha sikio la juu lote, si pembezoni mwa tundu tu. Linakuwa la moto, linauma sana likiguswa au kukunjwa, na maumivu yanapanda badala ya kushuka. Pengine homa inaingia. Ndewe mara nyingi inabaki salama kwa sababu haina gegedu, na tofauti hiyo kati ya juu na chini inamsaidia daktari. Usaha ukijikusanya kati ya utando na gegedu, unalikatia gegedu chakula chake, nalo hufa na kukunjamana, na umbo la sikio halirudi. Mara nyingi anayehusika ni Pseudomonas yuleyule wa Oregon, na dawa nyingi zilizozoeleka kwa vidonda vya ngozi hazimgusi. Daktari huchagua nyingine, mara nyingi siprofloksasini kwa mtu mzima, na kama kuna jipu hulipasua. Kwa hiyo vidonge vilivyobaki nyumbani kutoka ugonjwa mwingine havifai hapa, vinapoteza muda tu. Na kipini usikitoe mwenyewe ukishuku usaha. Tundu hujifunga upesi nje na kuufungia ndani. Muulize daktari kwanza.

Asubuhi joto lilikuwa limeshuka, na kesho yake masikio yote mawili yalikuwa sawa mkononi. Karatasi nimeiacha ubavuni mwa kioo.

Mwezi wa sita

Kwa macho, limepona. Halina magaga kwa siku kadhaa, haliumi, watu wananiuliza mbona nisivae pete. Sivai. Tundu la gegedu hupona kuanzia midomo yake miwili kuelekea katikati. Ngozi ya nje inatulia kwanza, wakati ndani ya njia bado kuna utando mwembamba unaochanika kirahisi. Kipini kilichonyooka kinakaa kimya ndani ya njia iliyonyooka. Pete imepinda, na kila inapotembea inalisukuma tundu upande mmoja na kubeba kilichokauka nje kwenda ndani. Wengi huanza upya miezi yote kwa sababu ya pete iliyovaliwa katika mwezi kama huu.

Maji ya chumvi nimepunguza hadi mara moja kwa siku. Kwenye mabwawa ya kuogelea na maziwa bado sizamishi kichwa.

Mwezi wa tisa

Hakuna jipya. Baridi ikiwa kali, kipini kinapoa na sikio linauma kwa muda mfupi, basi. Nimejaribu kulalia ubavu wa kushoto kwa muda mfupi mchana. Asubuhi iliyofuata paliuma kwa ndani. Mto wa safari umerudi kazini.

Mwezi wa kumi na moja

Nimekuwa nikilalia sikio hili kwa wiki kadhaa sasa na haliniambii kitu. Kigaga sijakiona muda mrefu. Nilirudi kwa fundi na pete ya titaniamu, unene uleule wa milimita 1.2, kwa sababu pete nyembamba kwenye tundu pana hukata kama uzi. Alilibonyeza sikio mbele na nyuma akitazama uso wangu, akakitoa kipini, akaangalia njia kwa taa. Ngozi ya ndani ilikuwa kavu, nyororo, ya rangi moja na nje. Pete ikaingia bila damu.

Siku mbili za kwanza palikuwa pachungu kidogo, nikarudia maji ya chumvi asubuhi na jioni. Sasa pametulia.

Keloidi inaweza kuja hata baada ya mwaka, kwa hiyo kila mwanzo wa mwezi naendelea kupitisha kidole nyuma ya tundu nikitafuta ugumu, na dada ananitumia ujumbe kunikumbusha kama nimechelewa. Yeye mwenyewe ameanza sindano za steroidi kwa daktari yuleyule. Ya kwanza imeshafanya kifundo chake kilainike, na mwasho uliomsumbua miaka yote umepungua. Miadi yake inayofuata tunaenda pamoja.